Mchezo si adui, adui ni kutoacha

Niliketi kando ya mwanangu nikiwa na nia ya kumkemea. Alikuwa akicheza Devil May Cry, mchezo wa video ambao kampuni ya Capcom ya Japani iliutoa mara ya kwanza mwaka wa 2001. Shujaa wake, Dante, huwacharanga mashetani kwa upanga huku akifanya mzaha. Katika toleo la tano, la 2019, hata hupigana kwa pikipiki inayogawanyika vipande viwili! Ni vituko vitupu, lakini nilicheka, nikaomba nijaribu. Niliposhtuka, ilikuwa saa nane usiku.

Wazazi wengi hulaumu mashetani hao. Mimi naona tatizo ni kushindwa kuacha. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeutambua uraibu wa michezo ya video kuwa ugonjwa, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Mgonjwa hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine na huendelea hata anapodhurika, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi.

Mzazi mwenzangu, usiunyakue mchezo. Cheza na mwanao, kisha mwuzime pamoja saa tatu usiku. Nyumbani kwangu sheria hiyo inanihusu mimi kwanza.