Mazungumzo ya Nyumbani: Pama ya Kale au Pama Mpya?



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani, na wengi wameandika kutushukuru. Mwezi huu twajibu barua ya kijana mmoja wa Tunduma. Huenda wengine wakacheka, wakisema kwamba kofia si jambo la kuandikiwa gazeti. Sisi hatukucheka, kwa maana aliyoyauliza yahusu fedha ya nyumba na heshima ya nyumba.

Aandika hivi: "Mzee wangu, shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana. Mdogo wangu anaposa huko Mbozi, nami ndimi mkubwa. Mwezi ujao nitakwenda pamoja na baba mdogo kupeleka mahari. Baba mdogo anena kwamba mtu aendaye mahali pa baba haendi kichwa wazi kama mchunga mbuzi; yanipasa kuvaa pama. Sijapata kuvaa pama maishani mwangu. Sokoni nimeona mbili, na bei zake ni karibu sawa. Moja ni ya mtumba, ya kijivu, laini, na ndani yake mna maandishi ya dhahabu. Mwenye kuuza aapa kwamba ni ya Italia na ya zamani sana. Ya pili ni mpya, nyeusi, imesimama wima, yang'aa. Wengine husema ya kale ni dhahabu, na wengine husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nishike neno lipi?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Methali hizo zote mbili ni kweli, wala hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya kofia. Basi tuziweke kando, tuitazame kofia yenyewe.

Kwanza ujue ni kitu gani unachonunua. Kwetu huitwa pama kila kofia yenye ukingo pande zote. Wazee wetu walisema chepeo. Hiyo uliyoiona, yenye bonde juu na kubonyezwa mbele kwa vidole viwili, Wazungu huiita fedora. Jina hilo lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Mfaransa Victorien Sardou, ulioonyeshwa Paris mwaka 1882, ambamo Sarah Bernhardt aliigiza bibi wa ukoo wa kifalme aitwaye Fedora. Kwa hiyo kofia hii, ambayo leo twaiona ni ya wazee wa mahari, ilipata jina lake kwa mwanamke. Baadaye wanaume waliichukua, na tangu miaka ya 1920 hata miaka ya 1950 ilienea sana katika miji ya Ulaya na Marekani. Katika miaka ya 1960 desturi hiyo ilififia. Wauzaji wanenapo "pama ya kale", wana maana ya zile zilizotengenezwa kabla ya kufifia huko.

Nchi yetu nayo ilizijua siku hizo hizo. Wanaume wa Unyiha, wa Unyamwanga na wa Unyakyusa walivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu mwaka 1964 ni Zambia. Mwanachuoni Mwingereza, Godfrey Wilson, ambaye kwanza alikaa kwa Wanyakyusa, aliyachunguza maisha ya wafanyakazi wa Broken Hill, mji uitwao leo Kabwe. Katika maandiko yake ya mwaka 1941 na 1942 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mshahara wao ilikwenda katika nguo. Wako waliowacheka watu hao. Lakini mtu aliyekuwa mbali na kwao miaka mitatu, siku arudipo, nguo zake ndizo zilizowaambia jirani kwamba hakupotea bure.

Sasa juu ya ubora. Ubora wa pama haumo katika umri wake, umo katika kitu kilichoifanya. Pama njema ni ya felti, nayo felti haifumwi kama kitambaa. Ni manyoya yaliyoshikamanishwa kwa maji ya moto, kwa mvuke na kwa kukandamizwa, hata yakawa kitu kimoja. Felti bora hutoka katika manyoya ya sungura, au ya biva, mnyama akaaye mitoni huko Marekani na Ulaya. Ni nyepesi, ni laini, tena mvua ndogo huteleza juu yake. Felti ya sufu ya kondoo ni ya bei nafuu. Yafaa, ila ikilowa sana husinyaa au hulegea. Kisha ziko zilizofanywa kwa nyuzi za plastiki, na ziko za kitambaa kilichogundishwa juu ya karatasi ngumu. Jihadhari na hizo za karatasi, kwa maana dukani husimama wima kupita zote.

Viwanda vya zamani vilijulikana kwa felti ya manyoya: Borsalino, kilichoanzishwa mwaka 1857 katika mji wa Alessandria, Italia, na Stetson, kilichoanza Philadelphia, Marekani, mwaka 1865. Majina hayo yangaliko, na hata leo felti bora hutengenezwa, lakini bei yake si bei ya sokoni kwetu. Kwa sababu hiyo, kwa fedha ndogo, pama ya kale iliyotoka katika balo la mitumba mara nyingi huishinda mpya. Nimesema mara nyingi. Sikusema siku zote. Wala usiyaamini sana yale maandishi ya dhahabu. Jina huchapwa kwa dakika moja; felti haifanywi kwa dakika moja.

Nikusimulie kosa langu, upate kujifunza bila kulipa. Ilikuwa mwaka 1986. Serikali ilikuwa imelegeza biashara tangu mwaka 1984, na vitu vya nje vilianza kuonekana tena sokoni. Marehemu baba alikuwa na pama ya rangi ya kahawia, aliyorudi nayo kutoka Kitwe, na ngozi yake ya ndani ilikuwa imekuwa nyeusi kwa jasho. Aliniazima niende nayo arusini Vwawa. Nami naliona haya kuvaa kitu cha mzee. Nikampa mchuuzi mmoja ile pama, nikamwongezea fedha kidogo, akanipa mpya nyeusi yenye kung'aa. Nikapanda lori, na njiani mvua ikatunyeshea. Tulipofika, ukingo ulikuwa umeniangukia masikioni, na rangi nyeusi yanitiririka shingoni hata katika shati jeupe. Ndani mlikuwa na karatasi. Niliporudi nyumbani baba aliuliza neno moja tu: "Ile yangu iko wapi?" Nikamwambia kweli. Hakunigombeza, wala hakununua pama nyingine hata alipofariki. Kila niendapo sokoni Tunduma, mpaka leo, mikono yangu huchambua kofia za kahawia.

Basi, mwanangu, ukirudi kwa yule mwenye pama ya kijivu, fanya haya, wala usiharakishwe.

Kwanza, pima kichwa chako. Zungusha uzi juu kidogo ya nyusi na ya masikio, kisha uupime kwa futi ya fundi cherehani. Ukipata sentimita 58, hiyo ndiyo namba yako. Kofia nyingi za Marekani na Uingereza huandikwa kwa inchi. 58 huwa 7¼ kwa Wamarekani na 7⅛ kwa Waingereza. Lakini ngozi ya kale hujikunja kwa miaka, kwa hiyo uamini uzi wako kuliko namba iliyoandikwa. Pama iliyo kubwa kidogo hurekebishwa kwa kutia karatasi iliyokunjwa nyuma ya ukanda wa ngozi. Iliyo ndogo itakuumiza kichwa, nawe utaivua kila mara mbele ya wakwe.

Pili, ipindue, ukague ule ukanda wa ngozi uguswao na paji la uso. Ukunje polepole. Ukipasuka kama jani kavu, umekwisha kufa, na kuubadili ni kazi ya fundi ambaye si rahisi kumpata.

Tatu, iinue kuelekea jua, utazame kutoka ndani. Palipo na tundu la nondo patapenya nuru. Tundu moja dogo chini ya utepe halidhuru. Matundu kumi juu ya kichwa yatakuwa ishirini.

Nne, ukunje ukingo kidogo, uuachie. Felti njema hurudi mahali pake. Iliyobaki imekunjika, au itoayo sauti ya karatasi, iache.

Tano, inuse. Harufu ya jasho hutoka kwa hewa na kivuli. Harufu ya ukungu ni ngumu kutoka.

Liko na jambo moja ambalo wachuuzi hawalisemi. Zamani watengeneza kofia walitumia zebaki kuyalainisha manyoya yapate kushikamana, na wengi wao walipatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Nchini Marekani matumizi hayo yalikomeshwa mwaka 1941. Watu wa Mkoa wa Songwe hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini, kwa maana wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia, na madhara yake yajulikana. Kofia za miaka ile zaweza kuwa na mabaki yake hata leo. Kwa hiyo usiinyooshe pama ya kale sana kwa mvuke wa birika ndani ya nyumba iliyofungwa, wala usimwachie mtoto mchanga aitafune. Ukiisha kuishika na kuisafisha, nawa mikono.

Na ile nyeusi? Upya si dhambi. Pama mpya haina nondo, haina jasho la mtu mwingine, na waweza kuchagua namba yako. Lakini ile uliyoieleza, isimamayo wima na kung'aa, naiogopa, kwa kuwa naliwahi kuivaa ndugu yake. Kama ya kijivu haikuenei, au ngozi yake imekufa, usiikimbilie nyeusi kwa hasira. Uliza pama mpya ya sufu, isiyo na mapambo, ya rangi ya kijivu au ya kahawia, ukingo wake usiwe mwembamba mno, na ngozi au kitambaa cha ndani kiwe kimeshonwa, si kimegundishwa tu. Ukiitunza na mvua itakufaa miaka.

Kwa kifupi: ya kijivu ikikuenea, na ikishinda majaribio haya, inunue. Isiposhinda, nunua mpya ya sufu. Ile nyeusi iache kwa mwenyewe.

Lakini kabla ya kwenda sokoni, nenda kwa shangazi yako. Muulize kama baba, au babu, hakuacha pama katika sanduku. Katika nyumba nyingi za kwetu imo, imefunikwa na vitenge, na watoto hawajui. Ikiwapo, ifanyie majaribio yale yale bila huruma. Lakini ikishinda, huna haja ya sokoni, na baba mdogo ataitambua kabla hujasema neno.

Tena nakusihi, fedha ya mahari isiguswe hata shilingi moja kwa ajili ya kofia. Ukikosa pama, nenda na kichwa safi kilichonyolewa. Hakuna mkwe aliyemnyima mtu binti kwa sababu mkubwa wake alikuja bila pama. Wako waliomnyima kwa sababu hesabu ilipungua.

Ukiisha kuipata, itunze hivi. Usiishike kwa kile kibonyezo cha mbele, maana ndipo ipasukapo kwanza. Ishike kwa ukingo. Uiwekapo, ilaze kwa kichwa chake, ukingo uwe juu. Ikilowa, iache ikauke yenyewe kivulini, mbali na jiko na jua. Isugue kwa brashi laini kabla ya kuihifadhi. Ukipanda pikipiki vaa helmeti, na pama ichukue mkononi. Upepo wa Tunduma wajulikana.

Na ufikapo Mbozi, vua pama mlangoni, kama uvuavyo mlangoni pa kanisa, kabla ya kusalimu. Iweke gotini. Tangu hapo wazee hawataitazama tena. Watasikiliza utakavyonena kwa ajili ya mdogo wako. Maneno hayo nayo uyapime mapema pamoja na baba mdogo.

Utuandikie jinsi safari ilivyokwenda, na kama shangazi alikuwa na kitu sandukuni. Mwezi ujao, tukijaliwa uzima, tutamjibu mama mmoja wa Ileje aliyeuliza juu ya kumwachisha mtoto ziwa.

Wasalaam,
Mzee wenu wa mazungumzo.