Jaribio la Jukwaani Si Uasi

Miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika vyuo vikuu duniani, liko moja ambalo watu wengi wakilisikia hucheka. Ni shahada ya pili, yaani uzamili, katika sanaa za maonyesho za majaribio. Mzee aliyeuza ng'ombe ili kumsomesha mwanawe huuliza: je, mtu mzima akae chuoni miaka miwili akijifunza kucheza? Na askari aliye zamu mlangoni mwa ukumbi, akiona vijana wanajigaragaza sakafuni bila kusema neno, huuliza swali lake: hawa wana nia gani? Maswali yote mawili ni ya haki na yanastahili kujibiwa. Lakini hilo la pili lina uzito zaidi, kwa sababu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki majibu yake yamewahi kugharimu maisha.

Kwanza yafaa ieleweke maana ya jaribio, na hakuna awezaye kuielewa upesi kuliko askari mwenyewe. Kikosi hakipelekwi vitani kabla ya kufanya zoezi. Uwanja hutengwa, wenzao wengine hufanywa adui, na kamanda hupewa tatizo la kutatua. Akikosea, hakuna anayekufa. Kosa huandikwa katika ripoti, nalo huwa somo kwa wote watakaomfuata. Jeshi lisilofanya mazoezi hujifunza kwa damu ya watu wake.

Msanii wa majaribio naye afanya vivyo hivyo. Achukua swali ambalo jibu lake halijulikani. Je, hadithi yaweza kueleweka bila maneno? Je, mtazamaji akipewa nafasi ya kuingia mchezoni, mwisho wake utageuka? Je, ngoma ya mavuno ikichezwa katika kisa cha vita, watu watalia au watacheka? Chuo humpa uwanja, muda, walimu wa kumsahihisha, na jambo lililo adimu kuliko yote hayo, yaani ruhusa ya kushindwa. Nchini Uingereza masomo hayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Marekani huchukua miwili au mitatu. Mwishoni mwanafunzi hutoa onyesho, na pamoja nalo huandika maelezo ya alichotaka kujua, alichokifanya, na yaliyotokea. Maandishi hayo ndiyo tofauti kati ya mwanachuo na mtu anayejifurahisha, kwa maana jaribio lisiloandikwa ni kama doria isiyotoa taarifa: waliokwenda wamechoka, na waliobaki hawakujua lolote.

Njia hii ina waasisi wake. Mwaka 1959, katika mji wa Opole nchini Poland, Jerzy Grotowski alianza kuongoza kundi dogo ambalo baadaye lilijiita maabara. Aliondoa mapambo, mavazi ya fahari na taa za rangi, kisha akauliza ni kitu gani kinachobaki ambacho bila hicho hapana mchezo. Jibu lake lilikuwa: mchezaji na mtazamaji, basi. Augusto Boal wa Brazil alibuni mchezo unaochezwa mara mbili. Mara ya kwanza mnyonge huonyeshwa akishindwa. Mara ya pili mtazamaji yeyote aweza kupaza sauti mchezo usimame, akapanda jukwaani na kujaribu njia nyingine. Boal alikamatwa mwaka 1971 chini ya utawala wa kijeshi, akaenda uhamishoni. Lakini aliporudi kwao alichaguliwa kuwa diwani wa Rio de Janeiro, na kati ya 1993 na 1996 alitumia michezo hiyo kukusanya mawazo ya wananchi. Sheria 13 zilizotokana nayo zikapitishwa. Hivyo mtu aliyedhaniwa kuwa hatari kwa dola aliishia kuisaidia dola kutunga sheria.

Hapa kwetu Uganda mbegu hiyo haikuchelewa kufika. Mwaka 1965 Chuo cha Makerere kilianzisha kundi la maonyesho la kusafiri, ambalo lilizunguka vijijini na mijini likionyesha michezo bila kiingilio. Mmoja wa wachezaji wake, Rose Mbowa, baadaye alisomea shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, akarudi kufundisha Makerere na kuongoza idara ya muziki, ngoma na michezo ya kuigiza. Mwaka 1987, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka katika miaka mingi ya kumwaga damu, alitunga mchezo uitwao Mother Uganda and Her Children. Humo ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali ziliwekwa pamoja jukwaani, ili mtazamaji aone kwa macho yake watoto wa mama mmoja wanavyogombana na wanavyoweza kupatana. Hilo lilikuwa jaribio: hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ngoma za watu waliotoka kupigana zingekaa katika mchezo mmoja. Huyo ndiye mtu ambaye mwuza ng'ombe wetu angeuliza amekwenda Leeds kujifunza nini.

Yuko na Robert Serumaga. Yeye shahada yake aliyoichukua Dublin ilikuwa ya uchumi, lakini sanaa ya majaribio aliifanya kuliko wengi walioisomea. Kundi lake la Abafumi liliufundisha mwili kusema. Katika mchezo wa Amayirikiti wa mwaka 1974, maneno yalikuwa machache mno. Kilio, nyimbo na miondoko ndivyo vilivyobeba habari ya mauaji ya zama zile. Chini ya utawala wa Idi Amin, mtu aliyesema wazi aliweza kutoweka usiku huo huo. Kwa hiyo sanaa isiyo na maneno, ambayo ng'ambo ilikuwa mtindo mpya wa kitaalamu, hapa Kampala ilikuwa njia ya kubaki hai. Serumaga baadaye aliungana na waliouondoa utawala ule, akawa waziri mwaka 1979, akafariki Nairobi mwaka uliofuata.

Byron Kawadwa hakupata bahati hiyo. Alikuwa mkurugenzi katika Ukumbi wa Taifa wa Kampala, na mtunzi aliyefunganisha muziki wa Kiganda na mchezo wa jukwaani. Mwanzoni mwa 1977 mchezo wake, Oluyimba lwa Wankoko, ulipelekwa Lagos katika tamasha kuu la sanaa za watu weusi, FESTAC, kuiwakilisha Uganda. Aliporudi alichukuliwa na watu wa usalama wa utawala ule, akauawa. Taifa lilimtuma kama balozi wake, kisha dola ikamwua kama adui. Waliomchukua walitumwa, lakini mkono uliomshika ulikuwa mkono wa mtu mwenye kitambulisho cha serikali, na jambo hilo kila mwenye sare analo deni la kulikumbuka.

Jirani zetu wa Kenya nao wana historia yao. Ngugi wa Thiong'o, ambaye mchezo wake wa The Black Hermit ulionyeshwa hapa Kampala mwaka 1962 katika kusherehekea uhuru wetu, aliondoka Makerere akaenda Leeds kuanza shahada ya pili ambayo hakuimaliza. Jaribio lake kubwa alilifanya nje ya chuo. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamiriithu karibu na Limuru, yeye na Ngugi wa Mirii waliwashirikisha wakulima na vibarua kuandaa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wanakijiji walijenga jukwaa la wazi wenyewe, na mazoezi yalifanywa hadharani ili kila apitaye aweze kusahihisha maneno na nyimbo. Mchezo ulianza Oktoba. Kibali chake kikafutwa Novemba. Ilipofika tarehe 31 Desemba Ngugi aliwekwa kizuizini, akakaa humo karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 polisi walitumwa kulibomoa jukwaa lile. Ngugi aliishi sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ugenini, akafariki Marekani mwezi Mei 2025.

Mtu asidhani kwamba hayo ni ya zamani tu. Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza ya shule lililofanyika Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walikuwa na mchezo uitwao Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamuru waruhusiwe kushiriki. Hata hivyo mtunzi, aliyekuwa seneta Cleophas Malala, alikamatwa, na mabomu ya machozi yakarushwa mahali pale. Wasichana walipopelekwa jukwaani waliimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuucheza. Hao walikuwa watoto wa sekondari, wala si wanafunzi wa uzamili. Lakini funzo kwa askari ni lile lile. Mchezo ambao ungeonwa na ukumbi mmoja ulisikika dunia nzima, na jina lililochafuka ni la polisi.

Ndugu askari, hapa hatusemi kwamba jukwaa liko juu ya sheria. Ukumbi uliojaa kupita kiasi ni hatari, na polisi wana wajibu wa kuingilia. Mtu akisimama akawaambia watu watoke wakachome nyumba ya jirani, hilo ni kosa, hata akiwa amevaa kinyago. Tena tukubali kwamba si kila kinachoitwa jaribio kina maana. Mengine ni kuiga mitindo ya Ulaya bila kujua ilitoka wapi. Lakini onyesho baya huadhibiwa na watazamaji kwa kutokuja tena. Kazi ya kupima kama jaribio limefaulu ni ya watahini na wananchi, na bunduki haina alama ya kutoa.

Liko na dai la wanaohesabu fedha, kwamba nchi inayohitaji madaktari haina haja ya kusomesha watu kuigiza. Dai hili lina nguvu, na hatuwezi kulipuuza. Yafaa hata hivyo kutazama wenye majeshi makubwa wanafanya nini. Huko Fort Irwin, katika jangwa la California, jeshi la Marekani lilijenga vijiji vya mfano na kuajiri watu wa kuigiza raia wa Iraq, ili askari ajifunze jinsi ya kusema na mama aliyefiwa kabla hajakutana naye kweli. Wao waliona kwamba maigizo ni silaha ya kuokoa maisha. Askari wetu, ambao wamekuwa Somalia tangu 2007, wanajua vema kwamba kosa dogo la adabu mbele ya wazee wa mtaa laweza kuharibu kazi ya miezi. Ujuzi wa kutunga mazoezi ya namna hiyo wanao wasomi wa sanaa za maonyesho, nao wako papa hapa. Deborah Asiimwe alichukua shahada yake ya uzamili ya uandishi wa maonyesho katika California Institute of the Arts, akarudi kuongoza tamasha la kimataifa la michezo ya kuigiza la Kampala lililoanza 2014. Jessica Kaahwa wa Makerere ndiye aliyepewa heshima ya kutoa ujumbe wa Siku ya Michezo ya Kuigiza Duniani mwaka 2011, na aliitumia kueleza jinsi sanaa hii inavyoweza kuleta amani penye vita.

Wasomi kama hao hurudi nyumbani wakitumaini kupata uwanja. Wakiukuta umefungwa watautafuta kwingine, na elimu iliyolipiwa kwa ng'ombe za wazee itawafaa watu wa mbali. Ulinzi wa uwanja huo umo mikononi mwa askari wa zamu kuliko mikononi mwa waziri. Kwa hiyo askari yeyote atakayepangwa mlangoni mwa ukumbi na asielewe kinachotendeka ndani, kwanza na aulize kibali, ahesabu milango ya dharura, kisha akae atazame mpaka mwisho. Akiona kosa la sheria, aliandike na kulifikisha panapohusika. Akiona jambo lililomchoma moyo tu, ajue kwamba huenda jaribio limefaulu.