Ramani ya Unyayo

Rifleksolojia yatwambia unyayo una ramani ya mwili mzima: huku moyo, kule figo. Wapo wanaoinasibisha ilimu hii na Misri ya Firauni, kwa mchoro wa kaburi la Ankhmahor, Saqqara. Mchoro ule waonyesha watu wakishikwa mikono na miguu, basi, ramani haimo. Ramani ni ya Wamarekani: daktari William Fitzgerald aliugawa mwili mafungu 10, kitabu kikatoka 1917, Eunice Ingham akaieleza ya nyayoni katika kitabu cha 1938.

Kukandwa kwaburudisha, sikatai. Mama zetu walitukanda bila ramani. Lakini utafiti haujathibitisha kwamba kwaponya maradhi. Mgonjwa wa sukari ambaye miguu imekufa ganzi, akaacha dawa akategemea vidole vya mkandaji, nakhofia atakuja kukatwa mguu.