Fundi wa Kamera Atuambie Ukweli Kabla ya Bei

Kamera ikigoma hapa Gungu, mwenye nayo ana njia mbili. Ataipeleka kwa fundi simu wa mjini, ambaye mara nyingi hana vipuri vyake, au ataipakia kwenye basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, kisha asubiri kupigiwa simu.

Mpiga picha mmoja wa hapa kwetu, anayetupigia harusi na Komunyo ya Kwanza, alipigiwa. "Shata imekufa, laki tatu na nusu." Alipouliza imekufaje, akajibiwa kwamba kama hataki kutengenezewa alipe elfu arobaini za kuifungua, wataifunga na kuirudisha. Wakati anaituma hakuna aliyemtajia hizo elfu arobaini. Akalipa laki tatu na nusu, kwa sababu alishapokea malipo ya awali ya harusi. Kamera ilirudi. Shata ya zamani haikurudi, na hajui mpaka leo kama ilibadilishwa au ilisafishwa tu.

Sisemi mafundi wote ni wezi. Shata, kile kipazia kinachofunguka kila unapopiga picha, huchakaa kweli. Kwa kamera nyingi za kawaida makadirio ni picha laki moja hivi. Anayepiga picha elfu mbili kila Jumamosi hufika huko kwa mwaka mmoja. Ujuzi wa kuibadilisha unastahili kulipwa, tena vizuri.

Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 77), anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya bidhaa yake. Farasi mwenye jicho moja, anasema, kila mtu anamwona. Kasoro iliyofichika na yenye kumletea mnunuzi hasara lazima isemwe. Sasa, ndani ya kamera kuna kasoro gani isiyofichika? Fundi peke yake ndiye anayeona. Kwa hiyo naona wajibu huo unamhusu yeye kuliko hata muuzaji wa farasi: ataje gharama ya kupima kabla kamera haijapanda basi, atume picha ya kilichoharibika, arudishe kipuri kibovu, na aseme wazi pale ambapo kununua kamera iliyotumika ni nafuu.

Hata watengenezaji wakubwa huchelewa kusema. Nikon ilitoa D600 mwaka 2012, wateja wakalalamikia madoa kwenye picha. Februari 2014 ndipo ilipotangaza kukagua na kubadilisha shata bure, hata kwa waliokwisha muda wa dhamana. Kelele zilitoka dunia nzima. Mtu wa Kigoma anapiga kelele na nani? Tunayo Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni kazi yake; ila sijaona mtu wa huku akiifuata kwa sababu ya shata.

Na sisi waamini tumo. Katekisimu (namba 2409) inahesabu kazi iliyofanywa vibaya kuwa kosa dhidi ya amri ya saba, na tunapenda kuwasomea mafundi maneno hayo. Lakini kamati ya sherehe inayompa mpiga picha nusu, na nusu nyingine "tutaonana baada ya Misa", ndiyo inayomfanya akubali bei yoyote atakayotajiwa na fundi. Hana akiba ya kumwezesha kusema hapana.