Mnamcheka fundi wa majeneza, lakini usiku mnatafuta namba yake

Hebu nikuulize, na unijibu kwa ukweli. Umekutana na msichana mrembo pale ufuoni Malindi, mmepiga stori, amecheka, halafu anakuuliza unafanya kazi gani. Utamjibu kwamba unatengeneza majeneza? Ama utasema wewe ni fundi wa fanicha?

Mimi nilisema fanicha. Nilisema hivyo kwa miezi saba.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Sina haja ya kuipamba hiyo stori. Nilirudi nyumbani, nikazunguka hoteli zote nikitafuta kibarua, lakini watalii walikuwa wameshaondoka na hoteli zilikuwa zinapunguza watu. Mzee mmoja mwenye karakana mtaani kwetu akaniita: "Kijana, unajua kupiga msasa?" Sikujua. Akasema, "Basi njoo kesho ujue."

Kwa mzee huyo tulitengeneza vitanda na masanduku ya maiti. Vitanda vilikaa hapo mwezi mzima vikipigwa vumbi. Masanduku hayakukaa.

Kitu ambacho huwezi kukiona ukipita na boda ni jinsi mteja anavyofika. Anakuja hajalala, simu mkononi, bado anahesabu michango ya kikundi cha WhatsApp. Ukimuuliza urefu wa marehemu, anakutazama tu. Mzee hakuwahi kuuliza kwa futi. Alikuwa anauliza, "Mlipokuwa mkisimama pamoja, alikufika wapi?" Mtu anaweka mkono begani kwake, ama sikioni, na hapo ndipo wengi hulia. Mzee anangoja. Kisha anachukua futi kamba na kumpima yule aliye hai.

Sanduku la mtoto alikuwa anataja bei mara moja, ya chini, na hakuna kuvutana. Familia ikikosa, inabeba sanduku na kulipa polepole. Daftari la madeni lilikuwa nene, na kuna waliozika kisha wakazima simu. Hata hao hakuwatangaza.

Sasa nikwambie walivyonichukulia mtaani. Marafiki walinibandika jina "Mochari". Mmoja, tumekua naye tangu chekechea, aliacha kunipa mkono, akawa ananigongea kiwiko kama tumerudi enzi za korona. Nyumbani mama alinitaka nioge nje kabla sijaingia. Na mimi maiti hata sikuwa nagusa! Nilikuwa nagusa mbao, gundi na vanishi. Jiulize basi mhudumu wa mochari mwenyewe anaishije.

Na usiniambie hawa ni watu wasiotuhusu. Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa msitu wa Shakahola, ikaletwa hapa hapa kwetu, mochari ya hospitali ya Malindi. Ilizidi 400. Nafasi ikaisha, yakaletwa makontena ya baridi. Familia za kwanza zilianza kukabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, baada ya vipimo vya DNA. Hesabu mwenyewe, ni karibu mwaka mzima. Asubuhi zote hizo kuna mtu aliyevaa glavu akaingia mle, akabeba, akaandika namba, akafunga mlango, jioni akarudi nyumbani kula na watoto wake.

Jina la mhubiri aliyeshtakiwa tunalijua sote, hadi sura yake. Hebu nitajie mhudumu mmoja wa ile mochari. Hata mmoja tu. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, na wahudumu wa mochari wakawa na kazi ile ile tena. Sisi tulikuwa tunafowadi video.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dharau hii hatukurithi kwa wazee wetu wa pwani. Kwa Waislamu, kumwosha na kumzika maiti ni faradhi ya kifaya. Wakitokea wachache wakaifanya, mji mzima umeokoka na dhambi. Yaani wale wachache wanatubebea sote. Kwa Wagiriama, mzee wa Gohu akifa alichongewa kigango, na mchongaji hakuwa mtu wa kuchekwa. Vigango vilipoibwa na kuuzwa ng'ambo, vilifuatiliwa hadi viwili vikarudishwa kutoka Marekani mwaka 2007. Hao ndio watu wetu. Sisi tunajua disko matanga hadi alfajiri, lakini aliyetengeneza sanduku lililoko pale mbele hatutaki hata kukaa naye benchi moja.

Najua utaniambia, bro, hawa si malaika. Ni kweli. Wapo wanaovizia langoni mwa mochari, mtu hajafuta machozi tayari ameshikwa mkono, bei imepanda mara mbili kwa sababu amevaa saa nzuri. Mzee wangu alikuwa na neno moja kuhusu hao: mwizi. Lakini hata matatu zina matapeli na bado tunazipanda, na dereva tunamsalimia. Tena nakuambia, dharau ndiyo inayowalea hao matapeli. Kijana mwenye heshima zake akiikimbia kazi kwa aibu, anayebaki ni yule asiye na aibu.

Kwa hivyo ninachotaka si kikubwa. Wahudumu wa mochari wapewe glavu za kutosha, chanjo, na mtu wa kuongea naye baada ya mambo kama ya Shakahola. Tuliona washauri nasaha wakitumwa kwa familia, na ilikuwa haki yao. Aliyebeba miili naye ni binadamu. Familia nazo zinunue sanduku linalolingana na mfuko, maana nimeona watu wakizika kwa vanishi ya kung'aa huku watoto wa marehemu wakirudishwa nyumbani kwa karo. Na wewe kijana usiye na kazi, ukiitwa karakana kama niliyoitwa mimi, nenda. Utajifunza mbao, na utajifunza kunyamaza mbele ya mtu anayelia. Hili la pili chuoni sikufundishwa.

Yule rafiki wa kiwiko alifiwa na babake mwaka jana. Alinipigia saa nane usiku. Hakuniita Mochari, aliniita kwa jina langu, akauliza kama mzee anaweza kumpa sanduku alipe mwisho wa mwezi. Tulifanya kazi hadi asubuhi. Alipokuja kulichukua nilimnyooshea mkono, akaushika, akakaa nao muda mrefu.

Siku hizi nikiulizwa, nasema majeneza.