Tusidanganywe na Besi

Mwalimu anayeandaa masimulizi ya somo la redio hujali kipaza sauti, akasahau vipokea sauti vya masikioni. Kwa maoni yangu, usahaulifu huo waweza kuharibu kazi nzima.

Vifaa hivyo ni vya aina mbili: vya mgongo wazi na vya mgongo uliofungwa. Vya wazi vyafaa wakati wa kuhariri, lakini huvujisha sauti, nayo hunaswa na kipaza sauti kilicho mbele ya msimulizi. Sauti iliyokwisha kuchanganyika na usemi ni vigumu mno kuiondoa. Basi katika kurekodi, tuchague vilivyofungwa.

Pili, tuvikatae vinavyokuza besi ili kumpendeza mnunuzi, kwani hufunika kasoro ndogondogo kama mlio mkali wa herufi s. Tatu, tutazame ukinzani: vya omu 250 huweza kusikika hafifu katika simu, hali vya omu 32 hutosha.

Mwisho, tusizidishe sauti. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa watoto kikomo cha desibeli 75 kwa saa 40 kwa juma. Kifaa hununuliwa tena, sikio halinunuliki.