Mbingu Si Mali ya Matajiri

Wapo watu wasemao kwamba kutazama nyota ni anasa ya matajiri wa nchi za mbali, na kwamba mtoto wa mkulima wa Meru au Embu hana haja nayo. Msomaji kijana, usiikubali kauli hiyo. Ni uvivu uliovaa joho la hekima.

Mbali sana mbinguni hutokea milipuko ya miali ya gama. Miali hiyo hudumu sekunde au dakika chache, kisha hubaki mwanga unaofifia kwa saa au siku. Hewa ya dunia huizuia miali, basi satelaiti ndizo huigundua. Bali mwanga ule hunaswa na darubini zenye kamera zilizoko ardhini. Lakini mlipuko hauchagui saa. Darubini za wataalamu ni chache: penye moja ni mchana, penye nyingine pana mawingu. Hapo ndipo ahitajiwapo mtu wa kawaida mwenye darubini ndogo. Mwaka 2003 Berto Monard wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza, kati ya wasioajiriwa kwa kazi hiyo, kuuvumbua mwanga wa namna hii. Alifanya hayo katika bara letu.

Tena habari hizi zimepita mlangoni petu. Satelaiti ya Swift, iliyorushwa Marekani mwaka 2004 kuiwinda milipuko hii, ilifanywa ipeleke habari zake ardhini kwa kituo cha Malindi. Je, si aibu maji yapite katika mfereji wetu nasi tulale na kiu?

Ikweta hupita Meru. Akaaye hapo huziona, mwaka ukizunguka, nyota za kusini na za kaskazini pia. Watu wa London hawana fadhila hiyo. Watasema darubini ni ghali. Ni kweli, lakini shule zichangazo fedha za basi haziwezi kudai kwamba hazijui kuchanga. Watasema mawingu ya Mlima Kenya ni mengi. Ni kweli pia. Lakini kiangazi kipo, na wakulima wa kale walikisoma kilimia wapate kujua majira, bila ya chombo chochote.

Basi anza na macho yako. Jifunze nyota za kwenu, zijue kwa mahali pake, ili darubini ijapo ikukute tayari. Asiyewajua majirani zake hawezi kumtambua mgeni.